Hewa ya Kapata: setilaiti ni shahidi, lakini peke yake haitoshi

KOLWEZI – Kiangazi kikifika mwezi wa nane, wakaaji wa Kapata wanaishi na vitu viwili hewani. Cha kwanza ni moshi wa pori linaloungua, ule unaofanya jua la jioni liwe jekundu kama kaa la mbabula. Cha pili ni vumbi la barabara za migodi, lile linalopita chini ya mlango, linakaa kwenye sahani na kwenye nguo zilizoanikwa. Mama anayefagia nyumba asubuhi anajua tofauti ya vitu hivyo viwili bila kuuliza mtu. Setilaiti haijui, au inajua kidogo sana.

Ni vizuri watu wa Lualaba walielewe jambo hilo mapema. Siku hizi ramani za hewa ziko kwenye simu. Mtu anafungua programu, anaandika "Kolwezi", na anaona rangi: kijani, manjano au nyekundu. Kule ambako hakuna chombo cha kupimia chini, rangi hiyo inatoka kwenye hesabu za kompyuta zinazosaidiwa na setilaiti. Kijana anaichukua anaituma kwenye kundi la WhatsApp: "Tazameni, tunakufa." Kesho yake mwingine anatuma ramani ya kijani: "Tazameni, hewa ni safi, acheni siasa." Wote wawili wamekosea kwa namna moja. Wamempa shahidi anayesimama mbali sana kazi ya kutoa hukumu.

Maoni ya makala hii ni haya: vipimo vya setilaiti ni vya kweli na vina faida kubwa, lakini kwa mji kama Kapata havifai kumtia mtu hatiani wala kumsafisha, mpaka kuwe na vyombo vya kupimia chini, katikati ya nyumba za watu, na matokeo yake yawe wazi kwa kila mkaaji.

Kinachopimwa kutoka juu

Chembe ndogo zinazoelea hewani, ziwe za vumbi, moshi, masizi au chumvi, wataalamu wanaziita erosoli. Setilaiti mbili za NASA, shirika la anga la Marekani, zimezitazama kwa zaidi ya miaka ishirini: Terra, iliyorushwa Desemba 1999, na Aqua, iliyorushwa Mei 2002. Zote mbili zimebeba chombo kinachoitwa MODIS. Chombo hicho hakichukui hewa hata kidogo. Kinatazama mwanga wa jua unaorudi juu kutoka duniani, kisha kompyuta inakisia ni kiasi gani cha mwanga huo kimetokana na chembe na ni kiasi gani kimetokana na ardhi yenyewe.

Matokeo yake ni namba moja inayoeleza jinsi chembe zinavyouzuia mwanga wa jua kutoka juu kabisa mpaka chini. Namba ikiwa 0.1, karibu asilimia 90 ya mwanga wa jua likiwa utosini inafika chini moja kwa moja. Ikiwa 1, inafika asilimia 37 tu. Siku za moshi mzito wa mwezi wa nane na wa tisa namba hiyo inapanda sana kusini mwa Kongo, Angola na Zambia.

Ni kazi kubwa, na matokeo yanatolewa bure kwa dunia nzima. Hakuna mwenye kampuni, waziri wala gavana anayeweza kuyafuta. Kwa jimbo ambalo halina historia ndefu ya kupima hewa, kumbukumbu ya tangu mwaka 2000 ni mali. Kwa hiyo anayesema setilaiti ni mambo ya Wazungu yasiyotuhusu, huyo naye anatupa kitu cha bure chenye thamani.

Lakini namba yoyote ina mipaka yake, na mipaka hii ndiyo inayoigusa Kapata.

Mraba wa kilomita kumi

Kipimo kikuu cha MODIS kinagawanya ardhi katika miraba ya kilomita 10 kwa 10, na pembeni mwa picha miraba hiyo inakuwa mikubwa zaidi. Mraba mmoja unaweza kumeza Kapata yote, mashimo ya migodi, pori, barabara na kipande cha kartie za jirani, kisha ukatoa namba moja kwa vyote. Kuna hesabu nyingine zinazoshuka mpaka kilomita 3, na hata kilomita 1. Hata hizo hazioni tofauti kati ya nyumba iliyo kando ya barabara ya makamyo na nyumba iliyo mita mia tatu ndani. Mtoto anayecheza kando ya barabara anaiona.

Kuna suala la saa. Terra ilipangwa kupita kuelekea saa nne na nusu asubuhi, na Aqua saa saba na nusu mchana. Sasa setilaiti hizo zimezeeka na njia zao zimeanza kusogea, na vyombo vipya kama VIIRS, kilichorushwa mara ya kwanza mwaka 2011, vinapokea kazi. Lakini hata hivyo vipya vinahitaji mwanga wa jua ili kufanya kipimo hiki. Makamyo ya alfajiri, mbabula za jioni, vumbi la usiku upepo ukiwa umetulia: hayo yote yanatokea wakati ambapo hakuna jicho juu.

Kuna mawingu. Kipimo hakifanyiki penye wingu. Kwa hiyo masika yanapofika, toka mwezi wa kumi na moja mpaka wa tatu, siku nyingi zinabaki bila namba. Wastani wa mwaka mzima unaoonyeshwa kwenye ramani unaweza kuwa, kwa kweli, wastani wa siku zisizo na mawingu tu.

Kuna urefu. Namba ya setilaiti inajumlisha chembe zote, za juu na za chini. Moshi wa mioto ya Angola unaweza kupita kilomita mbili au tatu juu ya mapaa ya Kapata bila kushuka, na namba ikapanda. Siku nyingine vumbi la barabara linajaa mita kumi za kwanza tu, pale pale puani mwa watu, na namba isisogee. Setilaiti CALIPSO, iliyokuwa na leza ya kupima urefu wa moshi na vumbi, ilianza kazi mwaka 2006 na ikamaliza mwaka 2023. Nayo ilikuwa inapima mstari mwembamba tu chini ya njia yake, haikuwa inapita juu ya kila mji kila siku.

Kuna rangi ya ardhi. Hesabu ya zamani zaidi ya MODIS inafanya kazi vizuri juu ya majani na misitu, kwa sababu ardhi nyeusi haiuchanganyi sana mwanga. Pale miti ilipokatwa, udongo mwekundu ukabaki wazi na mabaki ya mawe ya mgodi yanang'aa juani, kazi inakuwa ngumu. Kompyuta inaweza kuidhania ardhi kuwa vumbi, au vumbi kuwa ardhi. Kwa maneno mengine, mahali ambapo mgodi umeiharibu ardhi zaidi ndipo setilaiti inapopata shida zaidi kusema kuna nini hewani.

Kosa linalokubaliwa

Wataalamu wenyewe hawafichi. Kwa kipimo hicho kikuu juu ya nchi kavu, kosa linalotarajiwa ni 0.05 pamoja na asilimia 15 ya namba yenyewe, juu au chini. Tufanye hesabu hiyo kwa Kiswahili cha sokoni. Kama ukweli ni 0.20, setilaiti inaweza kusema 0.12 au 0.28, na bado ikahesabiwa kuwa imefanya kazi yake vizuri. Namba ya pili ni zaidi ya mara mbili ya ile ya kwanza. Zaidi ya hapo, ahadi hiyo inahusu vipimo karibu viwili kati ya vitatu. Kile cha tatu kinaweza kutoka nje ya mipaka hiyo.

Kwa mtu anayechunguza Afrika nzima kwa miaka ishirini, kosa hilo si tatizo kubwa, kwa sababu makosa mengi ya juu na ya chini yanapunguzana. Kwa mtu anayetaka kujua kama jana hewa ya Kapata ilikuwa mbaya kuliko juzi, ni tatizo kubwa.

Na makosa hayapunguzani kila mara. Mfano ulio karibu nasi ni wa mwaka 2000, Terra ilipokuwa bado mpya. Mwaka huo wataalamu wa nchi mbalimbali walikusanyika kusini mwa Afrika kwa utafiti mkubwa ulioitwa SAFARI 2000. Chini walikuwa na vyombo vinavyotazama jua moja kwa moja, vya mtandao unaoitwa AERONET. Kimojawapo kilikuwa Mongu, magharibi mwa Zambia, zaidi ya kilomita 500 kutoka Kolwezi. Walipolinganisha, iliyokuwa angani ilikuwa inapunguza kipimo cha moshi. Sababu ilikuwa ndogo ila nzito: hesabu ya kompyuta ilidhani moshi wa huku unarudisha mwanga mwingi kuliko kweli. Moshi wa pori la kusini mwa Afrika una masizi mengi, ni mweusi zaidi, unameza mwanga. Baada ya vipimo vya chini kuonyesha hivyo, hesabu ilirekebishwa.

Hapo kuna somo zima. Chombo cha mamilioni ya dola kilisahihishwa na chombo kidogo kilichosimama ardhini Zambia. Kama kusingekuwa na mtu chini, kosa lingeendelea, na ramani zingeendelea kuonekana nzuri.

Nani anaumia namba ikisomwa vibaya

Huenda msomaji akauliza: haya yote yanamhusu nini mtu anayetafuta unga wa bukari? Yanamhusu kwa sababu ya lawama na ya malipo.

Kwa kuwa moshi wa pori ndio unaotawala namba za setilaiti katika kiangazi, anayesoma setilaiti peke yake atafika kwenye jibu moja: tatizo la hewa ya Lualaba ni moto wa mashambani, ni makala, ni mama mwenye mbabula. Jibu hilo si uongo. Moshi unaua, na kuchoma pori kunastahili kusemwa. Lakini ni nusu ya jibu, na ni nusu inayomwangukia maskini. Vumbi la kamyo, la shimo na la mlima wa mabaki ya mgodi linapotea ndani ya mraba wa kilomita kumi, na anayelileta anapotea pamoja nalo.

Pia setilaiti hizi haziwezi kusema chembe imebeba madini gani. Kobalti, shaba na manganizi havionekani kwenye namba hiyo. Walioona walikuwa watu walioenda chini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa KU Leuven cha Ubelgiji walichunguza kartie ya Kasulo, hapa hapa Kolwezi, ambako watu walikuwa wanachimba kobalti katikati ya nyumba. Walikusanya vumbi, damu na mkojo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018: watoto wa kartie hiyo walikuwa na kobalti kwenye mkojo mara kumi kuliko watoto wa kwingine. Hakuna ramani ya kutoka angani iliyoweza kusema hivyo.

Sheria nayo iko. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya mazingira yenye afya. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inataka kampuni ifanye uchunguzi wa athari kwa mazingira na kwa jamii, na inamtaka mwenye haki ya mgodi arekebishe madhara aliyoyaleta. Lakini haki bila kipimo ni maneno. Siku wakaaji watakapopeleka malalamiko yao mbele ya hakimu wakiwa na ramani nyekundu tu, avoka wa upande wa pili atauliza maswali matatu: mraba huo una ukubwa gani, moshi huo ulikuwa urefu gani, na una uhakika gani kwamba si moto wa Angola? Kesi itakwisha kabla ya saa sita mchana. Na siku mwenye mgodi atakapokuja mkutanoni na ramani ya kijani, wakaaji nao wanapaswa kuwa na maswali hayo hayo mdomoni.

Kinachotakiwa

Kwanza, vyombo vya kupimia chembe viwekwe Kapata yenyewe: kimoja kando ya barabara ya makamyo, kimoja kwenye shule, kimoja kwenye kituo cha afya, na kimoja mbali na migodi kwa kulinganisha. Vyombo vidogo vya aina hiyo vinagharimu dola mia chache kila kimoja. Uganda wameonyesha njia: mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, ulioanza mwaka 2015, unatengeneza vyake vinavyovumilia vumbi, joto na umeme wa kukatikakatika, na umevipeleka katika miji kadhaa ya Afrika. Hapa kwetu, ambapo SNEL ina tabia yake, betri na sola ni lazima.

Pili, tusidanganyike na bei rahisi. Vyombo hivyo vidogo navyo vina udhaifu: vinahesabu vizuri chembe ndogo za moshi, ila chembe nene za vumbi la barabara vinazikosa kwa wingi. Tukitegemea hivyo tu, tutarudia kosa lile lile la kuona moshi na kuacha vumbi. Kwa hiyo paongezwe pampu yenye karatasi ya kuchujia, inayovuta hewa kwa saa 24. Karatasi inapimwa uzito kabla na baada, kisha inapelekwa maabara kutafuta kobalti, shaba na mengineyo. Hapo ndipo tutaweza kujilinganisha na viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2021: kwa saa 24, chembe ndogo zisizidi mikrogramu 15 katika kila mita moja ya ujazo wa hewa, na zile nene pamoja nazo zisizidi 45.

Tatu, nani alipe? Wengine watasema itumike ile asilimia 0.3 ya mauzo ambayo sheria ya 2018 inazitaka kampuni kuitoa kwa maendeleo ya jamii. Hapana. Pesa hiyo ni ya visima, shule na barabara, na wakaaji wana haki ya kukataa isiguswe. Kupima uchafu ni deni la anayeweza kuuleta. Gharama iingie kwenye mpango wa mazingira wa kila kampuni, kando kabisa ya hiyo asilimia.

Nne, anayelipa asiwe mwenye kusoma. Chombo kikikaa ndani ya uzio na ripoti ikakaa kwenye kabati, hakuna aliyepima kitu kwa faida ya Kapata. Vyuo vikuu vya Lubumbashi na Kolwezi vina walimu na wanafunzi wa kufanya kazi hii. Namba zitoke kila wiki, zibandikwe kwa shefu wa kartie, zisomwe redioni kwa Kiswahili, mbele ya kampuni, wakaaji na serikali ya jimbo.

Tano, setilaiti ibaki kazini. Vyombo vya chini vikishakuwepo, ndipo yenyewe inakuwa na faida kamili. Siku namba ya juu inapanda na ya chini inapanda, moshi umetufikia. Siku ya juu inapanda na ya chini imetulia, moshi unapita juu kwa juu. Siku ya juu imetulia na ya kando ya barabara inapanda huku ya shuleni ikibaki chini, hakuna haja ya kumtafuta mchoma pori. Tafuta makamyo, na uliza kwa nini barabara haikumwagiwa maji.

Hayo yote hayahitaji sheria mpya wala mkutano wa Kinshasa. Yanahitaji vyombo vifungwe kabla ya mwezi wa tano, kiangazi kabla hakijaanza, viachwe vifanye kazi mpaka masika yaishe, ili pande zote mbili za mwaka zipimwe. Mpaka hapo, mkaaji wa Kapata anayeonyeshwa ramani ya rangi yoyote, na mtu yeyote, ana swali moja la kuuliza: chini mlipima wapi?